Ndege kuukuu katika tangazo jipya: nani kaachwa nje ya picha?

Mwaka 1937 jina la Lindi lilisomeka London. Lilichapishwa kwenye ratiba za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, kati ya Dar es Salaam na Msumbiji, likiwa moja ya vituo ambavyo ndege iliyoondoka Southampton ilipitia kabla ya kufika Durban. Kisumu ilikuwemo, Mombasa nayo ilikuwemo. Msafiri mwenye uwezo wa kulipa nauli alionyeshwa ramani yenye mstari unaoteremka kutoka Ulaya, unavuka Mediterania, unafuata mto Nile mpaka Ziwa Victoria, kisha unakata kwenda pwani na kushuka nayo kusini.

Mji mdogo kama Lindi uliingia katika ratiba hiyo kwa sababu ndege zenyewe hazikuhitaji uwanja. Zilikuwa ndege za majini aina ya Short Empire, zenye tumbo la mashua na injini nne kwenye bawa. Zilitua ziwani Kisumu, bandarini Dar es Salaam na kwenye maji ya Lindi, abiria wakafuatwa kwa motaboti.

Leo mabango yaliyozitangaza ndege hizo na nyingine za enzi ile hupigwa mnada Ulaya na Marekani, na nakala zake hutundikwa hotelini na sebuleni. Mashirika ya ndege nayo yamegundua kwamba ndege iliyostaafu bado ina kazi ya kufanya: inauza tiketi za ndege mpya. Inapakwa rangi ya zamani, inapigwa picha jua likichwa, inatiwa kwenye tangazo la televisheni, na anayeitazama anaelewa bila kuambiwa kuwa shirika hili halikuanza jana.

Picha hizo zinapendeza, hakuna ubishi. Lakini kila picha ina mipaka yake, na aliyeichora ndiye aliyeamua nani aingie na nani abaki nje. Ukizifuatilia picha za ndege zilizosafiri njia ya Afrika, kutoka miaka ya 1930 mpaka leo, utaona kwamba walioachwa nje mara nyingi ni watu wa huku kwetu. La kuumiza zaidi ni kwamba siku hizi sehemu ya kuachwa huko tumejifanyia wenyewe.

Kumtuliza mwenye pesa

Imperial Airways iliundwa mwaka 1924 kwa kuunganisha kampuni nne. Kikwazo chake kikubwa sokoni kilikuwa woga. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imemalizika miaka michache tu nyuma, na kwa watu wengi ndege bado ilikuwa chombo cha kuulia na kufia. Tarehe 28 Februari 1931 shirika hilo lilipoanzisha safari kutoka Croydon, London, hadi Mwanza, kilichobebwa mpaka mwisho wa njia kilikuwa barua. Abiria waliishia Khartoum. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town.

Waliotunga matangazo hawakujisumbua kumthibitishia mteja kwamba ndege haianguki. Walimchorea starehe. Ndege aina ya Handley Page H.P.42, zilizoanza kazi mwaka 1931, zilikuwa na mabawa ya juu na ya chini, injini nne, na mwendo wa kilomita 160 hivi kwa saa, kasi ambayo haikuwa ya kujivunia hata wakati huo. Ziliundwa nane tu. Hivyo likauzwa lile lililokuwepo: viti vipana, mapazia dirishani, mhudumu mwenye koti jeupe na chakula mezani. Ndege za majini zilipokuja, michoro iliyokata ubavu wa ndege ilimwonyesha mteja vyumba vyake vya ndani: hapa pa kuvutia sigara, hapa pa kulala, na hapa sebule yenye nafasi ya kusimama na kutazama nje dirishani huku nchi ikipita chini.

Kalamu ya mchoraji ilikuwa na faida ambayo kamera haikuwa nayo. Picha ya kamera ingeonyesha mafuta yaliyotapakaa kwenye injini na uso wa abiria aliyechafukwa na tumbo, kwani ndege hizo ziliruka chini, ndani ya hewa ya joto inayorusha na kuangusha. Mchoraji aliifuta yote hiyo. Aliitazama ndege kutoka chini, pua ikawa kubwa, bawa likakatwa na ukingo wa karatasi ili ionekane haitoshi kwenye bango, na anga likawa la bluu moja safi.

Mwaka 1932 msanii Theyre Lee-Elliott aliipa Imperial Airways nembo ambayo haijafa mpaka leo: Speedbird. Itazame vizuri. Ni ndege mnyama, lakini hana jicho wala unyoya. Ana mdomo uliochongoka kama mshale, bawa lililoinuliwa, na mistari iliyonyooka inayokutana kwa pembe kali. Ukimkata katikati hujui kama ni mnyama au mashine, na hapo ndipo ufundi ulipo, maana mtu aliyeogopa mashine alipewa kiumbe, na aliyetaka usasa alipewa mashine. Nembo hiyo ilibandikwa kwenye pua za ndege, mabango na lebo za mizigo. Imperial Airways ilipoungana na shirika jingine na kuwa BOAC, Speedbird alihamia huko. Hata leo rubani wa British Airways, mrithi wa BOAC, anapozungumza na mnara wa kuongozea ndege hujitambulisha kwa jina hilo.

Shirika liliwatafuta wasanii wakubwa. László Moholy-Nagy, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Bauhaus kule Ujerumani, aliishi London kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 na akalifanyia kazi. Hakuna anayeweza kusema matangazo hayo yalikuwa kazi ya kubabaisha.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Tarehe 14 Machi 1939 moja ya ndege hizo za majini, Corsair, ilikuwa safarini kwenda kaskazini. Iliondoka Port Bell, Uganda, kuelekea Juba. Kifaa cha kutafutia uelekeo kikaipotosha, mafuta yakapungua, na rubani wake, Kapteni Alcock, ndugu wa yule Alcock aliyevuka Atlantiki kwa ndege mwaka 1919, akalazimika kuishusha kwenye mto Dungu karibu na Faradje, Kongo. Ikagonga mwamba na kutoboka. Watu wote walitoka salama.

Kuitoa pale kulichukua takriban miezi kumi. Ilitengenezwa, ikajaribu kupaa mwezi Julai, ikagonga mwamba tena. Mto ulikuwa mwembamba na maji yalikuwa machache, hivyo likajengwa bwawa ili kina kiongezeke. Barabara ilichongwa, kambi ikakua mpaka ikapewa jina la Corsairville. Wahandisi walitoka Uingereza. Waliobeba mawe, waliokata miti na kuingia majini walikuwa vibarua wa Kikongo. Mwezi Januari 1940 Corsair ikapaa na kwenda zake.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Bango la ndege ya majini linamwonyesha mteja kinachoelea tu. Mwafrika akiingia katika picha za matangazo ya enzi hiyo huwa pembeni ya mandhari: ana mkuki, au amebeba kitu kichwani, au anaishangaa ndege inayopita. Mwendesha motaboti wa Kisumu, mpakia mafuta wa Dar es Salaam na kibarua wa Faradje, ambao bila wao mstari ule wa kwenye ramani usingefika popote, hawakuwa mandhari wala abiria. Mchoraji hakuwa na pa kuwaweka.

Sarafu iliyosimama mezani

Baada ya Vita Kuu ya Pili, enzi ya ndege za majini iliisha haraka. Vita vilikuwa vimeacha viwanja vya ndege kila pembe, na BOAC iliacha kabisa kutumia ndege za majini mwaka 1950. Mwaka 1952 ikaja na jambo jipya: Comet, ndege ya kwanza ya jeti duniani kubeba abiria kwa ratiba. Safari ya kwanza kabisa ilikuwa ya Afrika. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iliyosajiliwa G-ALYP iliondoka London, ikapitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na kutua Johannesburg baada ya saa 23 na dakika 40. Ilikuwa na nafasi ya abiria 36.

Wauzaji walipata hadithi tamu. Comet haikuwa na pangaboi, haikutikisika, na iliruka juu ya mawingu. Waandishi wa habari waliopanda walipenda kusimulia jinsi sarafu ilivyoweza kusimamishwa kwa ubavu juu ya meza na isianguke. Pale ambapo tangazo la zamani lilichora pazia na kikombe cha chai, tangazo la Comet lilikuwa na ushahidi wa kuguswa.

Tarehe 10 Januari 1954, G-ALYP, ndege ileile iliyofungua njia, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 walikufa. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine ikapotea karibu na Naples. Huko Farnborough, wachunguzi walizamisha Comet nzima kwenye tangi la maji na kuijaza na kuipunguza msukumo tena na tena mpaka bodi ikapasuka. Sababu ikajulikana: uchovu wa metali. Kila ndege ilipopanda juu na kushuka, bodi yake ilivimba na kusinyaa, na nyufa zikaanzia kwenye pembe za nafasi zilizokatwa.

Comet zilizoundwa upya zilirudi angani mwaka 1958. Miaka miwili baadaye zikavaa jina jipya kwenye ubavu: East African Airways.

Wenye mali wanaingia ndani ya picha

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki (EAA) lilianza mwaka 1946 likimilikiwa na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, wakati huo zikiwa chini ya Waingereza. Lilianza na ndege ndogo za mbao na kitambaa aina ya Dragon Rapide. Comet za mwaka 1960 ziliipeleka EAA London kwa jeti yake yenyewe, kisha zikaja Super VC10.

VC10 ilikuwa kama imeundwa kwa ajili yetu. Nairobi iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mchana kuna joto, na ndege nzito huhitaji njia ndefu ili ipae. Waingereza waliibuni VC10 kwa viwanja vya namna hiyo: mabawa yaliachwa safi ili yanyanyue vizuri, na injini zote nne zikafungwa nyuma, chini ya mkia mrefu. Kutokana na mpangilio huo, abiria wa mbele hawakusikia kelele. BOAC ikaitangaza kwa maneno matatu: kasi, kimya, shwari. Kichekesho ni kwamba wakati tangazo linaimba, wakubwa wa BOAC walikuwa wakilalamika kuwa VC10 ni ghali kuendesha kuliko Boeing 707, na mwaka 1964 mwenyekiti wao alitaka oda ya Super VC10 ifutwe. Abiria hawakujali hesabu hizo. Waliipenda, wakaichagua, na ikajaa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; safari hii chema kilijiuza hata mbele ya mwenye duka asiyekitaka.

EAA ilipokea tatu za kwanza mwaka 1966 na 1967, ya nne mwaka 1969, na ya tano mwaka 1970. Namba zake za usajili zenyewe zilikuwa siasa: 5X za Uganda, 5Y za Kenya, 5H za Tanzania, zikigawanywa ili kila nchi ione chake. Mwenyekiti wa shirika alikuwa Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe. Kwa mara ya kwanza, ndege ya kisasa iliyopigwa picha mbele ya Kilimanjaro au juu ya nyika yenye tembo ilikuwa mali ya watu wanaoishi chini ya mlima huo. Twiga na simba walibaki, maana watalii walikuwa walewale, lakini mwenye bango alikuwa amebadilika.

Si kila kitu kilikuwa shwari. Tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 iliyosajiliwa 5X-UVA ilishindwa kupaa Addis Ababa, ikapita mwisho wa njia na kuwaka moto. Watu 43 walikufa. Kisha yakaja madeni, ugomvi wa nchi wanachama kuhusu nani analipa nini, na mwanzoni mwa 1977 shirika likasimama. Ndani ya mwaka huo Kenya Airways na Air Tanzania zikazaliwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika.

Super VC10 nne zilizobaki zilirudi kwa waliozitengeneza. Jeshi la Anga la Uingereza likazichukua, likazigeuza kuwa ndege za kujaza ndege nyingine mafuta angani, na zikafanya kazi hiyo hata katika vita vya Ghuba mwaka 1991. Zilidumu jeshini mpaka zilipostaafu, ya mwisho mwaka 2013. Moja yao ndiyo VC10 ya mwisho kutoka kiwandani. Ilitua Dunsfold, kusini mwa London, mwezi Septemba 2013 na kuingia mikononi mwa makumbusho ya Brooklands. Usajili wake wa kijeshi ni ZA150. Usajili wake wa kwanza ulikuwa 5H-MOG. Ni ndege ya Tanzania.

Ukoo kabla ya mahari

Mashirika ya Ulaya yanajua thamani ya vitu kama hivyo. Mwaka 2011 British Airways ilirusha tangazo la televisheni lililoanza na marubani wa enzi za mabawa mawili, likapita kwenye Concorde na kuishia kwenye ndege za leo. Mwaka 2019, ilipotimiza miaka 100 tangu kampuni iliyoitangulia ianze safari za London na Paris, ilichukua Boeing 747 na kuipaka rangi za BOAC, Speedbird akiwa wa dhahabu mkiani. Wapiga picha walijaa Heathrow kuingoja. Lufthansa nayo kwa miaka mingi ilirusha Junkers Ju 52 iliyokarabatiwa kwa ajili ya sherehe za mwaka 1986, mabati yake ya mikunjo yakiwa tangazo tosha.

Mantiki yake Mswahili anaielewa bila kufundishwa. Ni kama mshenga aendapo kuposa: kabla ya kufika kwenye mahari, hutaja kwanza ukoo. Viti vya ndege vya daraja la kawaida vinafanana kila mahali, nauli huonekana kwenye simu kwa sekunde, na ndege zenyewe hutoka katika viwanda vilevile viwili au vitatu. Kitu ambacho shirika jipya haliwezi kununua ni miaka.

Ukoo nao una madeni. Mwezi Agosti 2018 Ju 52 ya kampuni ya Uswisi, iliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili na kutumika kwa matembezi ya watalii, ilianguka milimani na kuua watu wote 20. Mwanzoni mwa 2019 Lufthansa ikatangaza kuacha kuigharimia ile ya kwake. Kupenda cha zamani kwenye bango ni jambo moja. Kukirusha kikiwa na abiria ni jambo jingine.

Na picha mpya za kale bado zinaacha watu nje. Tangu filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, ndege ndogo ya manjano aina ya Gipsy Moth ikiruka juu ya nyika imekuwa picha ya kuuzia safari za kitalii Kenya. Mwenye ndege katika kisa cha kweli, Denys Finch Hatton, alikufa Voi tarehe 14 Mei 1931 ilipoanguka. Hakuwa peke yake. Alikufa na mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Filamu ilijaza hoteli. Jina la Kamau mtalii hakuuziwa.

Na sisi tunatangaza nini?

Matangazo ya mashirika yetu leo ni ya upya mtupu. Air Tanzania ikipokea ndege, huwa sherehe uwanjani Dar es Salaam: ngoma, viongozi, na magari ya zimamoto yakiimwagia maji. Nchi iliyokaa muda mrefu bila ndege za maana ina haki ya kushangilia. Wapo waliozikejeli zile ndege za Bombardier kwa kuziita pangaboi, kana kwamba pangaboi ni aibu, na ni dharau hiyohiyo inayotufanya tudhani historia yetu ya anga ilianza na ndege iliyonunuliwa juzi.

Haikuanzia hapo. Karakana ya EAA Embakasi ilihudumia jeti wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa zikizipeleka zake Ulaya. Chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilifunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi zote tatu na bado kipo. Wahudumu, mafundi na marubani waliofundishwa enzi hiyo ndio walioanzisha mashirika yaliyofuata. Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam zote zina haki ya kudai ukoo huo, na huenda ndiyo sababu hakuna anayeudai: kuutangaza ni kukumbusha kwamba tuliwahi kuwa na kimoja tukakigawana mpaka kikaisha.

Mwaka 2027 unatimiza nusu karne tangu EAA isimame. Ni nafasi nzuri kwa shirika lolote kati ya warithi wake kutoa tangazo lenye Super VC10, na lisirudie kosa la London la mwaka 1937. Lisiishie kwenye mkia mrefu na anga la bluu. Liweke fundi wa Embakasi mwenye spana mkononi, mhudumu aliyehudumia safari za London, na lisifiche moto wa Addis Ababa wala madeni ya mwisho, kwa kuwa msafiri wa leo anajua kutafuta habari mwenyewe. Kazi ya kulitengeneza haianzi kwa mchoraji. Inaanza kwa wastaafu walioifanya kazi ile, ambao sasa ni wazee na wanapungua, na anayetaka majina na sauti zao ana miaka michache tu ya kuzitafuta.